Chumba cha Kurasa za Katikati

3 Februari

Dada, shikamoo.

Naandika kwa herufi kubwa na wino mweusi, usije ukasema tena kwamba mwandiko wangu ni safari ya sisimizi. Simu nimeiacha. Mara ya mwisho nilikuuliza habari za magoti, ukanieleza habari za mashuka, tukaagana kila mmoja akidhani ameeleweka. Kengele ya bweni imelimaliza sikio lako.

Unasema shule inaitaka nyumba yake mwisho wa Juni kwa sababu matroni mpya anaingia. Najua ni utaratibu. Lakini umewalea wasichana wa watu pale tangu nywele zako zikiwa nyeusi, na tangu shemeji afariki nyumba hiyo ndiyo imekuwa mwenzako. Sikupenda ulivyoliandika jambo hilo kwa mstari mmoja, kisha ukaruka kwenye habari za mvua.

Basi nisikilize. Njoo ukae kwangu. Sisemi uje kupumzika, nasema uhamie.

Kile chumba kidogo kinachopata jua la asubuhi kitakuwa chako. Sasa hivi kimejaa majarida yangu ya mapambo ya nyumba, kutoka sakafuni mpaka dirishani. Nakumbuka ulivyosema ulipokuja kuniuguza: "Gundi, majarida hayakai kwako. Wewe ndiye unayekaa kwa majarida." Ni kweli. Kazi yangu ni kupamba nyumba za watu, na mtu angedhani nikirudi jioni nimeshiba mapazia. Wapi! Nafungua jarida kuanzia nyuma, kwa sababu mbele huwa kuna matangazo ya vigae, na nalisoma taratibu kama mtu anayeogopa sahani itaisha. Hila zao zote nazijua. Najua pazia limebanwa kwa pini kwa nyuma, shuka limepigwa pasi likiwa kitandani, na pembeni kuna mtu ameshika taa, mkono unamuuma. Bado napenda. Kila chumba kinaonekana kama mwenyewe ametoka sasa hivi na anarudi.

Unakumbuka mchezo wetu wa kuhamia? Mama alikuwa akituletea majarida yaliyochakaa kutoka kwa daktari wa meno alikokuwa akifanya usafi, nami nayabandika ukutani kwa gundi ya unga, ndipo jina hili likanishika. Kila mmoja alichagua chumba. Lakini kwanza ulinilazimisha nitaje nani anakaa humo, kwa kutazama vitu tu. "Miwani iko juu ya redio, kwa hiyo mzee huyu hasomi, anasikiliza tu." Na ukishamwona mwenye chumba, sheria yako ilikuwa moja: chumba chenye mwenyewe hakihamiwi, tafuta kingine. Nilikuwa nalia.

Safari hii chumba hakina mwenyewe. Nijibu kabla mwanetu hajakuvuta kwake.

Mdogo wako,
Gundi


21 Februari

Gundi,

Marahaba. Mwandiko sasa ni wa tembo mchanga. Tunaendelea vizuri.

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni mpaka chai ikapoa. Kuhamia! Mimi, kwa umri huu, na mizigo yangu yenye harufu ya dawa ya mende! Nilicheka, kisha nikajikuta nahesabu mapazia yangu kuona yapi yangekuaibisha.

Mwanangu naye ananivuta. Kila akiandika ni "Mama, watoto wanahitaji bibi." Mkewe hasemi kitu, anatabasamu tu, na tabasamu la mkwe bado sijalijua maana yake. Nipe mpaka Mei niamue. Moyo wangu unajua ulipoelekea, lakini sitaki kuusikiliza haraka.

Kwanza nikuhoji, kama ninavyowahoji wasichana wanaoingia bwenini. Naruhusiwa kuja na redio? Naruhusiwa kukoroma? Kile kiti cha shemeji yako, chenye rangi ya boga, kitapata pa kukaa au kitafichwa wateja wakija? Nikiacha kikombe mezani, nitakikuta pale pale, au utakuwa umekisogeza ili kipendezane na mto?

Na la mwisho, ambalo siulizi kwa umbea. Hakuna mtu? Umri wetu huu si wa kufichana. Kama yupo, sema tu, nami nitakwenda kwa mwanangu bila kinyongo. Kuwa mtu wa tatu katika nyumba ya watu wawili, hilo siliwezi. Afadhali nirudi kulala bwenini na wasichana.

Dada yako,
Matroni (kwa miezi michache iliyobaki)


18 Machi

Dada, shikamoo. Keti kwanza.

Umeketi? Lile jarida, lile lenyewe, linakuja kupiga picha nyumbani kwangu!

Unajua nimewaandikia miaka nenda miaka rudi nikiwapelekea kazi za wateja wangu. Hawakujibu hata siku moja. Sasa mhariri ameandika mwenyewe: "Tungependa kuona mpambaji anakaaje kwake." Nililala na barua ile karibu na mto. Kisha nikaamka nikaitazama sebule yangu kwa macho ya mgeni, nikaanza kupaka rangi.

Chumba chako nimekitoa kila kitu. Majarida sasa yapo kwenye korido, napita kwa ubavu kama kaa. Sikuambii nimekifanyaje chumba. Wameniahidi kitatoka katika kurasa za katikati, na nataka ukione hapo kwanza, kama zamani, umekaa kitandani na jarida mapajani. Kisha ufunge mizigo.

Majibu yako haya hapa: redio ndiyo, kukoroma ndiyo, kiti cha boga ndiyo, Mungu anisaidie. Kikombe tutajadili. Kuhusu swali lako la mwisho, nimecheka peke yangu jikoni. Hilo nitakujibu ukifika.

Gundi


11 Aprili

Ndugu Mpambaji,

Kwa niaba ya jarida nakushukuru kwa kutufungulia nyumba yako na kuvumilia nyaya zetu. Mhariri ameipenda sebule.

Nakufahamisha kuhusu picha ya chumba kidogo. Wasomaji wetu hupenda nyumba yenye watu, na chumba kile kilionekana kitupu mno. Kama tulivyokubaliana siku ile, tuliongeza viatu vya mpiga picha karibu na kitanda, koti lake kitini, miwani yake juu ya gazeti, na mto wa pili kutoka chumbani kwako. Picha hiyo ndiyo iliyochaguliwa. Ile kadi yako ya "Karibu" tuliiondoa juu ya mto kwa sababu maandishi yalikuwa yanavuta macho. Nimeirudisha ndani ya bahasha hii.

Mpiga picha anakuomba radhi kwa hali ya soksi zake.

Wako katika kazi,
Mpangaji wa picha


12 Mei

Dada, shikamoo.

Limetoka! Nakutumia nakala ya kwanza iliyonifikia, mimi nitanunua nyingine. Nenda moja kwa moja kurasa za katikati. Pazia limetoka la manjano zaidi kuliko lilivyo na nimekasirika, lakini vingine vyote viko sawa kabisa.

Tazama vizuri, kama ulivyonifundisha. Niambie umeona nini.

Gundi


25 Mei

Mdogo wangu,

Jarida limefika bila kukunjika. Hongera sana. Nimewaonyesha walimu, na mwalimu wa sayansi kimu ameomba alipeleke darasani. Sikumpa.

Nimetazama vizuri kama ulivyotaka. Nimeona. Mambo mengine watu huambiana na mengine huonyeshana, nami nashukuru kwa kuonyeshwa. Chumba ni kizuri, kina jua, na kimepata kinachokifaa. Nakutakia heri kwa moyo wangu wote.

Nimeamua kwenda kwa mwanangu. Ngazi zako ni nyingi, na magoti yangu si ya kupandishwa na kushushwa kila siku. Kiti cha boga nimempa mlinzi wa shule, anasema kinamfaa mgongo.

Usihangaike kunijibu haraka. Najua sasa una shughuli. Siku moja nitakuja kusalimia, nikikaribishwa.

Dada yako


6 Juni

Dada, shikamoo.

Nimekuelewa. Ulipokuja kuniuguza ulizipanda ngazi hizi na ndoo mkononi, lakini miaka inakwenda.

Nilidhani chumba kingekupendeza. Wateja wangu wasipokipenda kitu huniambia wazi, nami nakitoa. Wewe umenisifia jua.

Majarida nimeyarudisha mahali pake. Nisalimie mwanetu na familia.

Mdogo wako


3 Agosti

Mama mdogo, shikamoo.

Naomba radhi kwa ukimya wangu. Mama yuko kwetu tangu Juni, na nyumba ina nidhamu ya bweni. Taa zinazimwa kwa amri, na hata mimi, baba mwenye nyumba, naulizwa kama nimenawa miguu. Watoto wanampenda mno. Mke wangu ameweza kukubali kazi ya zamu hospitalini kwa sababu yupo wa kubaki na mtoto wetu mdogo.

Nakuandikia bila yeye kujua. Mama hana raha. Jioni hukaa ukingoni mwa kitanda anacholala na binti yangu, jarida lako mapajani, daima kurasa zile zile. Majuzi nikamwambia, "Mama, si umwandikie tu mama mdogo?" Akanijibu, "Mwache mama yako mdogo na mume wake."

Nikamuuliza, mume yupi? Ndipo akanionyesha viatu.

Mama mdogo, sisi tumefurahi, tena sana. Ila tuliumia kidogo kupata habari kwa viatu. Mama ametukataza kuuliza. Anasema alikuuliza, ukaahidi kujibu, kisha ukajibu kwa picha, na kwamba chumba chenye mwenyewe hakihamiwi. Mimi hayo ya kuhama sikuyaelewa. Binti yangu ndiye mkorofi, anataka kujua kama babu mpya anafuga mbwa.

Je, baba mdogo hajambo? Mpe salamu zetu. Na tafadhali, mwandikie mama.

Mwanao


9 Agosti

Dada,

Nimesahau hata kuamkia. Shikamoo.

Viatu ni vya mpiga picha. Koti ni lake na miwani ni yake. Alipiga picha ile amevaa soksi tupu, moja ina tundu kidoleni, akiogopa kuchafua zulia. Alipomaliza alivaa viatu vyake akaenda zake, na sijamwona tena. Hata jina lake silijui. Mto wa pili ulitoka kitandani kwangu, na usiku ulirudi kitandani kwangu.

Nilikuwa nimesimama pale pale, dada. Mimi mwenyewe ndiye niliyesogeza kiatu kimoja mbele kidogo, ili kionekane kimevuliwa na mtu aliyechoka kwa raha. Ndiyo kazi yangu, nawafanyia wateja kila siku, mkono ulikwenda wenyewe. Jarida lilipotoka niliangalia pazia tu. Haikunijia hata kidogo kwamba upande wa pili wa picha yupo mtu mmoja duniani anayesoma viatu.

Hakuna mtu. Uliniuliza Februari, nami nililiandika neno hilo, nikalitazama, nikachana karatasi nikaanza upya. Lilikaa vibaya mno likiwa peke yake kwenye mstari. Nikaona nitalisema ukishafika, tukiwa tunacheka, ambapo halitaonekana.

Mhariri alitaka kuona mpambaji anakaaje. Hakuona. Nakaa jikoni kwenye stuli, sahani mkononi, jarida limeegemea birika. Sebuleni siingii, kwa sababu nikiingia lazima nipange upya kabla mteja hajaja. Nikifungua ukurasa najiuliza nani anakaa humo, kisha najijibu. Siku nyingine najijibu kwa sauti yako, kwa ukali kabisa: "Tazama tena, Gundi, huyo si mwenye nyumba, huyo ni mgeni."

Juni nilikukasirikia. Nilidhani umekitazama chumba nilichokutengenezea kwa mikono yangu ukakiona si kitu. Ulikuwa unaniachia nafasi na mume ambaye hayupo, nami nikakujibu kwa kiburi. Hata lile la majarida lilikuwa uongo. Sikuyarudisha. Bado napita koridoni kwa ubavu, na kitanda chako kimetandikwa.

Njoo, dada. Sahau ngazi, tutapanda taratibu, tutapumzika kila kona.

Gundi


24 Agosti

Gundi wangu,

Marahaba, tena marahaba, na ile ya Juni uliyonitupia kama jiwe nimeiitikia pia.

Nilipofika kwenye soksi nilicheka mpaka mkwe wangu akaja na maji. Nikaendelea kusoma, akarudi na kitambaa. Sasa anadhani barua zako ni ugonjwa.

Nikueleze nilivyofanya. Nilivitazama viatu vile kama tulivyokuwa tukifanya. Vikubwa, visigino vimelika upande mmoja, kwa hiyo mtu mrefu anayesimama sana. Nikampa kazi ya ualimu. Koti limetupwa, si la kutundikwa, kwa hiyo wewe ndiye unayemtundikia, na humgombezi. Nikampenda, Gundi. Kila nikisali nilikuwa nakutaja naye. Kisha nikifunga jarida najiona kama yule mtoto aliyefukuzwa ukurasani, safari hii kwa sheria yangu mwenyewe. Ningeuliza tu. Mimi niliyehoji wasichana mpaka wakataja nani kavunja kioo, nimeshindwa kukuhoji wewe.

Sasa jambo gumu, na nalisema mapema ili usilitafute kati ya mistari. Siwezi kuja.

Mkwe wangu ameshashika kazi ya zamu. Lile tabasamu lake, kumbe alikuwa anaona aibu kuniomba. Akiwa zamu, mtoto mdogo halali mpaka ameshika kidole changu, na akishtuka usingizini jina analoita ni langu. Nikiondoka, kazi ya mama yake inaondoka nami. Wamelipanga maisha yao juu ya mgongo wangu, nami nilikubali, kwa sababu nilidhani kwako hakuna pangu. Ungeniandikia barua hii Mei ningekuja na redio kichwani. Sisemi ili ikuume. Wote wawili tulikuwa na kalamu.

Wala usidhani hapa nimeshiba watu. Nyumba imejaa kila kona, ila hakuna hata mmoja niliyekuwa mtoto naye. Nikisema "daktari wa meno" wananiuliza ni jino lipi.

Chumba cha kukupa hakuna. Kuna godoro, na nafasi kati ya kitanda na kabati ambayo inakutosha ukilala kwa ubavu, jambo ambalo naona umeshalifanyia mazoezi. Njoo ukae siku ambazo wateja watakuachia. Hapatakupendeza. Pazia lina picha za bata.

Dada yako


1 Septemba

Dada, shikamoo.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama. Nilipofika katikati nilikwenda kuketi kwenye kitanda chako, nikaimalizia hapo. Ni mara ya kwanza mtu kukaa juu yake.

Sina hasira. Mtoto asiyelala bila kidole hawezi kuelezwa habari za mapazia. Mwambie mkwe asijisikie vibaya. Nitakuja Ijumaa kwa basi la asubuhi, na nitakaa mpaka rangi ya ukuta wa mteja wangu ikauke, maana kabla ya hapo hanihitaji. Kisha nitarudi huku, na baadaye nitakuja tena. Tusijidanganye kwamba ndicho tulichokitaka. Lakini bata nitawavumilia.

Leo nimefunga madirisha na kuzima friji. Halafu nikatafuta mtu wa kumwachia ufunguo wa akiba. Jirani wa chini namjua kwa kikohozi tu, uso wake sijawahi kuuona vizuri. Fundi wangu wa mapazia ana watoto watundu. Nilisimama kwenye ngazi nimeushika, na mkobani nina funguo za nyumba za watu wengi, wateja wananiachia bila hata kufikiri, mlango wa mbele na wa nyuma. Wangu ndio ulikosa pa kwenda.

Nimeutia ndani ya bahasha hii, nampa dereva wa basi la jioni, ufike kwako kabla yangu. Sitauchukua nikiondoka huko. Najua hautafungua kitu ukiwa mbali hivyo, na wala sikuombi uje. Uweke tu mahali ambapo utakuwa unauona.

Mdogo wako,
Gundi